Fundi wa Nyumba na Mwenye Chumba

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya mafundi wa nyumba katika mkutano wa wanachama, Kedowa)



Katika mikutano yetu husikika sana sauti ya wachumaji, na ni haki, maana wao ndio wengi, na jasho lao ndilo linalojaza magari ya majani. Husikika pia sauti ya watu wa kiwandani na ya madereva. Sisi mafundi wa nyumba twajulikana kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba hatuji. Kila mwenye bomba linalovuja ana hadithi ya fundi asiyekuja. Basi leo tumekuja. Twataka kuwaeleza kazi yetu ilivyo, na kuwaonyesha kwamba ugomvi wa fundi na mwenye chumba haujaziba tundu hata moja la bati.

Sisi ndio tunaotunza nyumba za kambi: mabati, milango, madirisha, koki, mabomba, vyoo na taa. Wako kati yetu waashi, maseremala na watu wa mabomba. Lakini katika kambi ndogo mtu mmoja huwa yote hayo, akitembea na mfuko wake wenye spana, bisibisi, koleo, nyundo na mipira ya koki. Nchi yetu hii, tangu Londiani kuja Kedowa hadi Kericho, ni nchi ya mvua na baridi. Mvua ni rafiki wa chai, lakini si rafiki wa nyumba. Ile mvua ya mawe ambayo hupasua majani machanga shambani hugonga mabati vile vile na kulegeza misumari. Mbao hunyonya maji na kuvimba, mlango ukakataa kufunga. Kwa hiyo kazi yetu haina siku ya kumalizika, na anayetaka kumlaumu fundi hakosi sababu.

Tuanze na lawama hiyo ya kutokuja. Jumanne moja tulipewa karatasi yenye nyumba sita. Tulifika kambini saa tatu asubuhi. Milango mitano ilikuwa na kufuli. Mlango wa sita ulikuwa na mtoto mdogo ndani, akasema kwa sauti kupitia dirishani, "Mama amesema nisimfungulie mtu." Mtoto huyo alifanya vema kabisa, nasi tukaondoka. Jioni mama yake alitukuta njiani karibu na duka akasema, "Fundi, nyinyi hamji. Mimi nimeripoti mara ya tatu sasa."

Je, ni nani mwenye kosa hapo? Mchumaji hutoka alfajiri na hurudi jua likielekea kuzama. Hulipwa kwa kilo. Akikaa nyumbani kumngoja fundi, kilo zake za siku hiyo zimepotea, na fundi mwenyewe hajui kama atamfikia saa nne au saa tisa. Na sisi nasi hutoka stoo asubuhi na hutakiwa kurudisha vyombo kabla ya wachumaji hawajafika nyumbani. Hivyo watu wawili waaminifu, kila mmoja akishika saa zake za kazi sawasawa, hawaonani mwezi mzima, na maji yanazidi kumwagika. Hapa hakuna mvivu. Kilichokosekana ni mpango wa saa, na mpango wa saa hauwekwi na fundi wala na mama. Huwekwa mezani, kati ya mjumbe wa chama na msimamizi.

Sasa tuseme habari ya nyumba zenyewe, maana ugomvi mwingi umejengwa ndani ya kuta. Mashamba makubwa ya chai yalianza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920. Watu walitoka karibu na mbali kuja kuchuma. Fikira ya waajiri wengi wa zamani ilikuwa kwamba mfanya kazi ni mwanamume mmoja, amekuja kwa muda tu, na mkewe yuko kwao analima. Chumba kikajengwa kwa kipimo cha mtu huyo mmoja. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyojulikana kwa jina la mwenyekiti wake, Carpenter, ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika nchini Kenya, ikashauri kwamba mshahara uwe wa kumtosha mfanya kazi pamoja na mke na watoto wake. Hivyo fikira ilianza kubadilika, lakini kuta zilizokwisha kujengwa hazikurefuka. Ziko kambi zilizojengewa nyumba bora baadaye. Lakini vingali viko vyumba vya kipimo cha zamani, na ndani yake mna baba, mama, watoto wanne, kitanda, meza, vyungu na jiko.

Mwenye chumba cha namna hiyo akiambiwa kwamba "ameharibu nyumba", yafaa kwanza tuulize kama nyumba ilikuwa ya kutosha. Bawaba hulegea kwa sababu mlango mmoja hufunguliwa na watu sita. Koki hulika kwa sababu laini nzima huteka maji hapo hapo. Vitu hivi vimechakaa kwa kutumiwa, wala hakuna aliyeviharibu kwa makusudi, na fundi yampasa kuandika hivyo katika karatasi yake.

Jambo la tatu tunaomba mlisikilize kwa makini, kwa sababu ni jambo la roho za watu. Juu ya kuta za vyumba vingi kuna matundu ya kupitisha hewa. Katika miezi ya baridi tunayakuta yamezibwa kwa magunia, nguo kuukuu na karatasi za nailoni. Na jioni jiko la makaa huingizwa ndani ili chumba kipate joto, mlango ukafungwa. Ndugu zangu, makaa yanayowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Moshi humwamsha mtu kwa kikohozi, lakini sumu hii haimwamshi. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huzidi kulala mpaka asiamke tena. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu bila moshi ndiyo watu huyaamini, nayo hutoa sumu hiyo hiyo.

Basi sisi tukaamriwa kuzibua matundu. Mama mmoja alitusimamia huku tukivuta magunia yake chini, akasema, "Fundi, wewe unalala wapi? Njoo ulale hapa na mtoto huyu mchanga, ndipo uniambie habari ya hewa." Maneno hayo yalikuwa makali, lakini yalikuwa na haki ndani yake. Tukaweka nyundo chini, tukaanza kutazama chumba chenyewe. Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimevunjika, na mahali pake pana kipande cha katoni. Chini ya mlango palikuwa na nafasi ya kupita mkono, kwa sababu ubao ulikuwa umeoza. Upepo ulikuwa ukiingia huku na kutokea huku. Mama alikuwa amejitahidi kuziba kila mahali alipoweza kufika, na matundu ya juu ndiyo yaliyozibika kwa urahisi.

Tuliandika: kioo kimoja, ubao mmoja wa mlango. Vilipopatikana na kutiwa, mama yule hakuziba matundu tena, wala hatukuhitaji kumwamuru. Akalitoa jiko nje kila usiku kabla ya kulala. Funzo letu ni kwamba kasoro tunayotumwa kuirekebisha mara nyingi ni mtoto wa kasoro nyingine iliyo nyuma yake. Fundi anayeondoa gunia peke yake amemwachia mwenye chumba baridi. Na fundi anayeliacha gunia mahali pake kwa kuogopa maneno amemwachia hatari ya kufa. Yatupasa kuandika vyote viwili.

Jambo la nne ni mfereji wa maji machafu. Vyumba vyetu vimepangwa laini moja, na mfereji mmoja hupita nyuma ya vyote. Ukiziba, maji hurudi kwenye chumba cha chini kabisa. Mwenye chumba hicho hakosi kuwatazama wa juu. Siku moja tulikuta watu wamesimama makundi mawili, na maneno yanayotupwa hayakuwa tena ya mfereji. Mmoja anasema, "Watu wa kwenu ndio wachafu." Mwingine anajibu, "Na nyinyi mrudi kwenu mlikotoka." Katika kambi za chai wanaishi Wakipsigis, Waluo, Wakisii, Waluhya na wengine, mlango kwa mlango. Sote twakumbuka yaliyotokea nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani akamkimbia jirani, na nyumba zikateketezwa. Neno kama hilo si dogo kwetu.

Tuliomba nafasi, tukachimba. Meta chache chini ya chumba cha tatu tulikuta kiungo cha bomba kimeachana, na mizizi ya mkaratusi imeingia ndani imejaa kama nywele. Matambara na mabaki ya ugali yalikuwa yamenaswa hapo, na yalikuwa ya laini nzima. Tuliwaita wote waje watazame kwa macho yao. Mzee mmoja aliinama, akautazama mzizi, akasema, "Kumbe mti." Watu wakacheka, na makundi yale mawili yakachanganyika.

Tangu siku hiyo tuna desturi: hatuzibui mfereji bila kuwaita wenye vyumba kuona kilichouziba. Ikiwa ni mizizi, waone mizizi. Ikiwa ni nepi ya mtoto, waone nepi, lakini tusiulize ni ya nani. Kuona husaidia kuliko kuhubiri.

Jambo la tano ni chai. Hatusemi ile ya majani. Mwenye chumba humwambia fundi, "Nitakupa ya chai, unianzie mimi." Siku hizi hata hatoi mkononi, huituma kwa simu. Tunamwelewa. Amengoja, watoto wanalala chini ya bati linalovuja. Lakini tazameni matokeo yake. Fundi akipokea shilingi mia kwa mmoja, wa pili asiye na mia atangoja mpaka lini? Na mwajiri naye atakuwa amepata nini? Atakuwa ameondolewa gharama yake na kuwekewa mfukoni mwa mchumaji. Kazi ya kutengeneza nyumba hiyo imekwisha kulipwa katika mshahara wetu. Anayeilipa mara ya pili ananunua haki yake mwenyewe.

Tena wapo wanaodhani kwamba saruji, vioo na misumari ni mali ya fundi, naye huwanyima kwa choyo. Ndugu zangu, sisi hatuna ufunguo wa stoo. Tukiandikiwa mabati mawili na stoo ikatoa moja, tutarudi na moja. Mwenye chumba huliona bati moja mikononi mwetu, haioni stoo. Ndiyo maana hutukana mkono ulio karibu.

Na juu ya umeme tuseme neno moja tu. Fyuzi ikikatika, msitie waya mnene mahali pake ili taa ziwake. Fyuzi imewekwa ikatike yenyewe, waya za ukutani zisipate moto. Waya mnene hautakatika. Utaiacha nyumba iungue. Mtu akikaa gizani usiku mmoja akimngoja fundi amepata taabu, lakini kesho yake ana nyumba.

Sasa tuje kwenye sheria, maana bila sheria haya yote yangekuwa maombi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba mwajiri, kwa gharama yake mwenyewe, atampa mfanya kazi makao ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, au atamlipa fedha za kutosha za kodi ya nyumba juu ya mshahara wake. Upo upungufu mmoja: ikiwa mkataba wa mtu, au mapatano ya pamoja, yamekwisha kutia fedha za nyumba ndani ya mshahara, kifungu hicho hakimhusu. Kwa hiyo kila mwanachama asome mkataba wake, na asiyejua kusoma amwombe mjumbe amsomee. Kifungu cha 32 kinamtaka mwajiri atoe maji safi ya kutosha mahali pa kazi na, kwa wale aliowapa nyumba, mahali pasipo mbali na nyumba hizo. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imehesabu makao ya kutosha na usafi wa kufaa kuwa miongoni mwa haki za kila mtu.

Maana ya maneno hayo ni nyepesi. Anayeripoti bati linalovuja haombi hisani, na fundi anayelitengeneza hatoi zawadi. Yule anasema haki yake, huyu anafanya kazi yake, na gharama ni ya mwajiri. Tukilishika hilo, hatuna cha kugombania.

Lakini haki isiyoandikwa ni vigumu kuidai. Maneno ya njiani karibu na duka hayahesabiwi na mtu. Kwa hiyo twaomba kila kambi iwe na daftari moja. Ndani yake yaandikwe mambo matano: tarehe ya kuripoti, namba ya nyumba, kasoro yenyewe, siku fundi alipokuja, na kilichofanyika au kilichokosekana. Fundi atie sahihi, na mwenye chumba atie sahihi au alama ya kidole. Mwenye simu ya kupiga picha aipige kasoro kabla na baada. Mjumbe wa chama akienda mezani na kusema, "Watu wanalalamika," ataambiwa kwamba watu hulalamika siku zote. Akienda na daftari linaloonyesha kwamba nyumba fulani iliripoti mara nne na stoo haikuwa na kioo, hapo kuna la kujibiwa. Daftari hilo litamlinda mama asiambiwe hakuripoti, na litamlinda fundi asiambiwe hakufika.

Tumebakiwa na jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote. Mfanya kazi akiachishwa kazi, hupoteza mshahara na nyumba kwa siku moja, na anayetumwa na kufuli mpya ni fundi. Tumewahi kusimama mlangoni na kufuli mkononi, huku mzee aliyechuma chai tangu ujana wake akikunja blanketi lake ndani. Alituambia, "Fundi, mlango huu uliutengeneza wewe mwaka jana." Ilikuwa kweli. Hatuna maneno ya kupamba siku kama hiyo.

Mwaka 1958 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 110 juu ya wafanya kazi wa mashamba makubwa, na ndani yake imo kanuni kwamba mfanya kazi anayeachishwa apewe muda wa kadiri wa kutoka katika nyumba. Twaomba viongozi wetu wahakikishe kwamba muda huo umeandikwa wazi, kwa hesabu ya siku, katika kila mapatano ya pamoja. Na twaomba fundi asitumwe na kufuli bila barua inayoonyesha kwamba siku hizo zimekwisha, na bila mjumbe wa chama kuwapo. Kufuli ni chuma tu, lakini asiachiwe fundi peke yake kazi ya kuwa sheria.

Kwa kumalizia, twatoa maombi haya. Kwa wenye vyumba: ripotini mapema, na mripoti kwa daftari, toeni jiko nje kabla ya kulala, msimpe fundi fedha. Kwa mafundi wenzetu: bisheni hodi, salimuni, tazameni kasoro iliyo nyuma ya kasoro, andikeni kweli hata kama stoo haitapenda, na msipande juu ya bati lililolowa bila ngazi ya kutosha na mtu wa kuishika. Kwa wajumbe: tafuteni siku moja katika juma ambayo saa za fundi na saa za mchumaji zitakutana, jioni moja au nusu ya Jumamosi, kwa malipo yaliyopatanwa. Kwa viongozi: daftari na siku za kutoka nyumbani ziingie katika mazungumzo yajayo.

Mwezi huu tutaanza na kambi tatu ambazo wajumbe wake wamekubali. Madaftari yamekwisha kununuliwa, na yako pale mezani kwa katibu. Mjumbe wa kila kambi achukue lake kabla ya kutoka, na ukurasa wa kwanza ujazwe leo leo, maana hakuna kati yenu asiyejua ni bati lipi linalovuja kwake.